Murdo wa Otago ni kaka wa nani?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mskoti na tunaishi Dundee. Mavyaa alipofariki mwaka jana nilikabidhiwa kasha lake la bati nilipange. Ndani nimekuta barua ya Mei 1884 kutoka Otago, Nyuzilandi. Inaanza 'Dada mpendwa', mwandishi anasema amepata habari za msiba wa mama, na mwisho ametia sahihi 'kaka yako Murdo', bila jina la ukoo. Ipo pia picha ya mwanamke na watoto wawili yenye jina la studio ya Dunedin, mji wa hukohuko Otago, kwa nyuma. Mume wangu anasema asili yao ni kisiwa cha Lewis, na kwamba ndugu wengine walikwenda Kanada zamani. Nimemtafuta Murdo mwenye jina letu la ukoo huko Otago, nimepata watatu na hakuna anayeelekea. Wanangu wanauliza kama wana ndugu huko. Nianzie wapi? Na ninunue kipimo cha DNA?"

Marahaba dada yangu, na poleni sana na msiba wa mavyaa.

Hao Murdo watatu waache kwanza. Tazama mambo mawili uliyoyaandika mwenyewe: kasha lilikuwa la mavyaa, na barua imeandikwa kwa dada. Barua ya familia hukaa kwa aliyeandikiwa. Akifa, vitu vyake vya ndani mara nyingi huchukuliwa na binti yake, na binti naye humwachia wake. Kama hii ilishuka hivyo, basi kati ya shemeji, mumeo, na huyo dada yake Murdo kuna ndoa tatu au nne, na katika kila ndoa jina la ukoo limebadilika. Jina mnalotumia leo limetoka kwa bavyaa. Huenda halimhusu Murdo hata kidogo, hata kama nalo ni jina la Lewis.

Sisemi barua haiwezi kuwa ya upande wa baba. Mke naye huachiwa makaratasi ya mama mkwe wake, na wewe ni shahidi. Lakini upande wa wanawake ndio wa kuanza nao, kwa sababu watafutaji wengi huuruka, na kwa sababu Uskoti ni mahali pazuri mno pa kumtafuta mwanamke. Kwa desturi ya sheria ya huko, karatasi za serikali humtaja aliyeolewa kwa jina la kwao pamoja na la mume. Ni kama kwetu pwani, ambako Mwanaisha binti Omari hubaki binti Omari hata akiolewa mara tatu. Kifo cha mke katika faharasa ya Uskoti unaweza kukitafuta kwa jina la mumewe au kwa jina la baba yake, na kote utampata.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855. England walitangulia, tangu 1837, ila vyeti vyao ni vya mkono wa birika. Cheti cha kifo cha England cha zama zile hakikutaji wazazi wa marehemu mtu mzima. Cha Uskoti kinakutajia baba na kazi yake, mama na jina la kwao, na jina la aliyetoa taarifa pamoja na undugu wake na marehemu. Cheti cha ndoa kinataja wazazi wote wanne wa bwana na bibi harusi, mama wote wawili kwa majina ya kwao. Kwa hiyo kila cheti cha ndoa utakachokishika kitakupa jina la ukoo la ngazi inayofuata kwenda juu.

Tupige hesabu. Tuseme mavyaa alizaliwa miaka ya 1940. Mama yake atakuwa wa miaka ya 1910 hivi, bibi yake wa miaka ya 1880, na mama wa bibi wa miaka ya 1850. Huyo wa mwisho mwaka 1884 ni mwanamke wa miaka thelathini, umri wa kuandikiwa barua na kaka aliye ng'ambo. Anza na cheti cha kifo cha mavyaa mwenyewe, ambacho bila shaka mnacho: kitamtaja mama yake kwa jina la kwao. Tafuta ndoa ya huyo mama, upate jina la kwao bibi. Tafuta ndoa ya bibi. Ngazi tatu tu, unamfikia mwanamke ambaye jina lake la usichani linaweza kuwa ndilo jina la ukoo la Murdo. Huyo naye mtafutie ndoa yake na kifo chake, maana wazazi wanaotajwa humo ndio wazazi wa Murdo pia.

Vyote hivi viko kwenye tovuti moja ya serikali, ScotlandsPeople, inayoendeshwa na National Records of Scotland. Kujisajili na kutafuta katika faharasa ni bure. Unalipa unapofungua picha ya daftari lenyewe, kama pauni 1.50 kwa picha ya cheti. Fungua picha, usiridhike na faharasa. Mtandaoni picha za vizazi hufunguliwa baada ya miaka 100, za ndoa baada ya 75 na za vifo baada ya 50. Kwa vyeti vya karibuni zaidi unaweza kuagiza nakala, au ukapanda treni uende Edinburgh, kwenye kituo chao cha General Register House, ambako kwa ada ya siku moja unaviona vyote kwenye kompyuta yao. Ningekuwa wewe ningekwenda na orodha iliyoandikwa, ngazi kwa ngazi, maana siku hiyo hupita upesi na kila cheti kinakutamanisha kingine.

Usishangae ndoa isipoonekana Lewis wala Dundee. Wasichana wa visiwani walikuwa wakifuata meli za uvuvi wa heringi pwani yote ya mashariki, Wick, Fraserburgh, Peterhead, hadi Yarmouth kule England, wakipasua samaki na kuwapanga kwenye mapipa ya chumvi. Wengine walikwenda kuwa watumishi wa ndani mijini. Dundee yenyewe ilikuwa mji wa viwanda vya juti, na kazi nyingi za viwanda hivyo zilifanywa na wanawake. Ndoa ilifungwa alipo bibi harusi, na huenda palikuwa kazini. Na ukikuta cheti kinasema ndoa ilikuwa kwa tamko mbele ya mashahidi, kwa kibali cha hakimu, bila mchungaji, usidhani ni aibu iliyofichwa: sheria ya Uskoti iliikubali ndoa ya namna hiyo mpaka 1940. Majina ya mashahidi yaandike. Mara nyingi ni ndugu, na dada asiyeolewa huonekana hapo kuliko popote pengine.

Sasa kuna jambo katika barua yako ambalo lina thamani kuliko sahihi ya Murdo: ule msiba wa mama. Barua ni ya Mei 1884. Posta ya wakati ule kutoka Uskoti hadi Otago ilichukua wiki kadhaa baharini, kwa hiyo mama alifariki pengine kati ya katikati ya 1883 na Machi 1884. Ingia kwenye faharasa ya vifo, chagua wilaya za usajili za Lewis (Barvas, Lochs, Stornoway na Uig), weka miaka hiyo miwili na wanawake wa umri wa kuanzia hamsini. Orodha haitakuwa ndefu. Ukishajua kutoka kwenye ngazi zako kwamba dada yake Murdo alikuwa, kwa mfano, wa ukoo wa Macaulay, unatafuta tu mke au mjane wa Macaulay aliyekufa miezi ile. Cheti chake kitakupa wazazi wake yeye, na kama alikufa na miaka sabini, wazazi hao walizaliwa karne ya 18. Tazama pia nani alitoa taarifa. Akiwa ni mwana, umepata kaka mwingine wa Murdo, yule aliyebaki, na kwa huyo ndiko kwenye ndugu mnaoweza kuwatembelea kwa feri.

Kutafuta Lewis kuna mitego yake. Kwanza ni jimbo. Lewis na Harris ni kisiwa kimoja, lakini katika nyaraka za zamani Lewis iko chini ya Ross and Cromarty na Harris iko chini ya Inverness. Mtu aliyeandikwa nje ya nchi kwamba kwao ni Ross anaweza kuwa wa Lewis kabisa. Kumbuka hilo tutakapofika Otago.

Pili ni majina. Majina ya ukoo ni machache, MacLeod, Morrison, Macdonald, Mackenzie, MacIver, na majina ya kwanza ni machache zaidi, kwa sababu watoto walirithishwa majina kwa utaratibu: mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, binti wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Huo ni mtindo, si sheria, lakini unasaidia sana kuchuja. Babu akikosa mjukuu wa kiume, jina lake hupewa msichana kwa kuongezwa mkia, ndiyo maana utakutana na akina Murdina, Donaldina na Kennethina. Kisha kuna lugha. Nyumbani walisema Kigaeli, karani aliandika Kiingereza, kwa hiyo Tormod wa kijijini ni Norman wa cheti, na Oighrig anaweza kuandikwa Effie, Euphemia, na mahali pengine hata Africa. Ukikutana na bibi aitwaye Africa MacLeod, usikimbilie kuwaambia watoto kwamba wewe si Mwafrika wa kwanza kwenye ukoo ule.

Kijijini wenyewe hawakuhangaika na majina ya ukoo. Walijuana kwa nasaba, Murdo wa John wa Donald, na kwa lakabu, na kwa kijiji na namba ya shamba dogo walilokodi. Namba hiyo ishike kama anwani. Inaonekana kwenye sensa na kwenye madaftari ya kodi ya nyumba na ardhi, ambayo kwenye ScotlandsPeople yanaanza 1855 na kufika 1940, na ndiyo itakayokutofautishia Murdo Macaulay wa shamba namba 7 na Murdo Macaulay wa namba 12, ambao wote baba zao ni John. Ukishakuwa na kijiji na namba, waandikie watu wa huko. Karibu kila eneo la Lewis lina chama chake cha historia, kinachoitwa Comunn Eachdraidh. Kile cha Ness kimekuwapo tangu 1977. Na kule Northton, Harris, kiko kituo cha Seallam! ambacho kimekusanya nasaba za Visiwa vya Magharibi kwa miaka mingi, zikiwamo za walioondoka. Wazee wa vyama hivi wanaweza kukujibu kwa barua pepe moja swali ambalo ungelihangaikia mwaka mzima.

Sensa ilifanywa kila miaka kumi, na za 1841 hadi 1921 ziko wazi. Ya 1841 isome kwa tahadhari: umri wa watu wazima ulishushwa hadi kwenye tano ya karibu, kwa hiyo "miaka 35" ni mtu wa kati ya 35 na 39. Kwa kazi yako, sensa ya 1851, 1861 na 1871 ndizo zitakazokuonyesha Murdo na dada yake wakiwa chini ya paa moja. Mpaka uwaone hivyo, yote ni makisio.

Ipo na hila ambayo watafutaji wa Uskoti wanaipenda. Vyeti vya mwaka 1855, mwaka wa kwanza, vilijazwa mambo mengi kiasi kwamba makarani walilemewa na mwaka uliofuata yakapunguzwa. Cheti cha kuzaliwa cha 1855 kinataja umri wa wazazi na walikozaliwa, walifunga ndoa lini na wapi, na watoto waliotangulia. Kwa hiyo hata kama Murdo na dada yake hawakuzaliwa 1855, tafuta ndugu yao yeyote aliyezaliwa mwaka huo. Mtoto mmoja mwenye bahati ya kuzaliwa 1855 hubeba familia nzima.

Nyuma ya 1855 mambo hukonda. Yako madaftari ya parokia ya Kanisa la Scotland. La kale kuliko yote, la Errol huko Perthshire, linaanza 1553, lakini parokia za Lochs na Uig hazina kitu kabla ya miaka ya 1820. Mwaka 1843 kanisa likagawanyika, na karibu Lewis yote ikahamia Kanisa Huru, kwa hiyo ubatizo wa baada ya hapo usiutarajie kwenye madaftari ya kanisa la zamani. Kama mtoto alizaliwa nje ya ndoa na baba hatajwi, soma kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Wazee wale walikuwa wadadisi, na jina la baba hawakuliacha lipite. Nyingi zimeshapigwa picha na ziko humohumo ScotlandsPeople.

Haya, tuvuke bahari.

Usianze na orodha za meli. Kila mtu huanza nazo, na kwa Murdo wako zitakuchosha. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza zilizohifadhiwa Kew, London, ni za 1890 hadi 1960. Yeye aliondoka kabla. Kama nauli yake ililipiwa na serikali ya Nyuzilandi, na miaka ya 1870 chini ya mpango wa waziri wao Julius Vogel maelfu walilipiwa, basi jina liko kwenye orodha za wahamiaji waliosaidiwa, zilizo Archives New Zealand, hifadhi ya nyaraka ya serikali yao, na zinazoonekana pia bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Humo kuna umri, kazi na jimbo alikotoka. Hapo ndipo Ross inapokuja: usitafute Lewis.

Anza na kifo chake. Tangu 1876 daftari la vifo la Nyuzilandi linaandika majina ya wazazi, pamoja na jina la kwao mama, mahali alipozaliwa marehemu, amekaa nchini miaka mingapi, alioa wapi na nani, na umri wa watoto walio hai. Ukishakuwa na jina la ukoo na jina la mama kutoka upande wa Uskoti, unaingia tovuti ya serikali yao ya kumbukumbu za kihistoria za vizazi, vifo na ndoa, unaorodhesha akina Murdo wote wa jina hilo (tafuta na Murdoch, maana ng'ambo wengi waliandikwa hivyo), kisha unaagiza wa umri unaofaa. Agiza nakala ya daftari badala ya cheti rasmi. Ni nafuu na mara nyingi ina maelezo mengi zaidi. Majina ya baba na mama yakilingana na yale ya cheti cha 1883 au 1884 cha Lewis, umempata. Likilingana la baba peke yake, hujampata bado: John Macaulay wako wengi, ila John Macaulay aliyemwoa Margaret Morrison wa kijiji kile pengine ni mmoja.

Halafu ingia Papers Past, hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa ya Nyuzilandi. Ni bure, na kama ungenilazimisha nikuachie tovuti moja tu kwa kipande hiki cha kazi, ningekuachia hiyo. Otago Daily Times na Otago Witness zimo. Matangazo ya vifo vya Waskoti humo mara nyingi humtaja marehemu kuwa mzaliwa wa mahali fulani, na kuishia kwa maneno ya kuyaomba magazeti ya nyumbani yanakili. Huyo ni mtu ambaye alikuwa bado na jamaa Uskoti wa kusoma gazeti. Tazama na habari za harusi, za mashindano ya wapiga zumari, za mikutano ya vyama vya Wagaeli. Murdo aliyeandika barua kwa dada yake hakuwa mtu wa kujificha.

Fomu za sensa za huko hazikuhifadhiwa, usizitafute. Mahali pake tumia madaftari ya wapiga kura: wanaume wote watu wazima walipata kura 1879 na wanawake 1893, kwa hiyo daftari la 1893 litamwonyesha hata mkewe. Wasia na mirathi za Dunedin ziko Archives New Zealand na nyingi zimewekwa FamilySearch. Mtu akifa bila mtoto, mali hugawiwa kwa ndugu na watoto wao, na hapo unaweza kuliona jina la dada wa Uskoti limeandikwa kwa wino. Rekodi za Kanisa la Presbiteri ziko Knox College, Dunedin, na picha na makaratasi ya familia za walowezi ziko Hocken, maktaba ya Chuo Kikuu cha Otago. Ile studio iliyopiga picha yako, waulize Hocken ilikuwa kwenye anwani hiyo miaka gani. Studio zilihama, na anwani ya nyuma ya picha huweza kukupa mwaka kwa kukaribia sana. Hapo utajua kama mwanamke yule ni mke wa Murdo wa 1884 au binti yake wa miaka ishirini baadaye.

Ukishuka kwa watoto wake, kumbuka vita. Mwana aliyezaliwa miaka ya 1880 au 1890 alikuwa wa umri wa kwenda Vita vya Kwanza vya Dunia, na mafaili ya askari wa Nyuzilandi yako mtandaoni bure, na ndani yake wameandikwa jamaa wa karibu na anwani zao.

Kuhusu Kanada nitakuwa mfupi, kwa sababu bado hujanipa jina wala mwaka. Habari ya ukoo ya kwamba "wengine walikwenda Kanada" kwa mtu wa Lewis mara nyingi huangukia sehemu mbili. Ya kwanza ni 1851 hadi 1855. Viazi vilikuwa vimeoza tangu 1846, na mwenye kisiwa, James Matheson, aliwalipia nauli wapangaji zaidi ya 2,000 waende Kanada, wengi wao walioshindwa kulipa kodi. Hiari yao katika hilo ilikuwa ndogo. Wengi waliishia kusini-mashariki mwa Quebec, ambako mpaka leo kuna kijiji kiitwacho Stornoway, na katika Bruce County, Ontario. Familia iliyoondoka kiangazi cha 1851 inaweza kuonekana mara mbili: kwenye sensa ya Uskoti ya 30 Machi 1851, na kwenye sensa ya Kanada inayoitwa ya 1851 lakini iliyofanywa Januari 1852. Orodha za kuaminika za abiria walioingia Kanada zinaanza 1865, kwa hiyo hao wa mwanzo wafuate kwa sensa na kwa ndoa za watoto wao. Ndoa za Ontario tangu 1869 zinataja wazazi wa pande zote mbili. Sehemu ya pili ni Aprili 1923, meli Metagama ilipotia nanga Stornoway na kuchukua vijana kama 300 siku moja. Kama ndugu alikuwa kwenye hiyo, orodha ipo kabisa, zile za Kew. Na hukohuko Kew tafuta pia orodha za safari za kurudi. Waskoti wengi walikwenda, wakarudi, wakaenda tena.

Sasa DNA. Kipimo cha DNA kina kazi hapa, ila si kwa namna ambavyo matangazo yanakiuza. Asilimia za "Uskoti" na "Ayalandi" hazitakusogeza hata hatua moja kwa Murdo. Kipimo cha kromosomu Y cha shemeji kinafuata baba kwa baba, kwa hiyo kitazungumzia ukoo wa bavyaa. Kipimo cha upande wa mama nacho usikinunue kwa kazi hii: Murdo alirithi DNA hiyo kwa mama yake, lakini mwanaume haipitishi kwa watoto wake, kwa hiyo kwa kilembwe wake haipo. Kinachofaa ni kile cha kawaida cha kromosomu zote, na wa kupimwa si watoto wako, wala si shemeji kwanza. Mpimeni mjomba wake au mama mdogo wake, ndugu yeyote wa mavyaa aliye hai. Kwa hesabu yetu, mavyaa na vitukuu wa Murdo ni ndugu wanaokutana kwa wazazi wa Murdo, na kwa ukaribu huo kama tisa kati ya kumi huonekana wanashiriki kipande cha DNA. Ukishuka ngazi moja, kwa shemeji na wa rika lake huko, inakuwa nusu hivi tu. Kila kizazi kinachoondoka kinaondoka na kipande, ndiyo maana mzee apimwe mapema, na aulizwe kwanza kwa heshima, aelezwe kwamba kipimo kinaweza kufichua mambo ambayo familia haikuyategemea. Kampuni ya Ancestry ina wateja wengi Kanada, Australia na Nyuzilandi na haipokei matokeo yaliyopimwa kwingine, kwa hiyo pimeni hapo. Lewis ni kisiwa ambacho watu wameoana wenyewe kwa wenyewe karne nyingi; wawili wanaweza kuonekana ndugu wa karibu kuliko walivyo. Bila vyeti, orodha ya ndugu mia tatu wa DNA itakuwa majina tu.

Mambo mawili uyapite bila kusimama. Duka likikuuzia nembo ya ukoo kwenye kikombe, jua kwamba kwa sheria ya Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja aliyepewa na mahakama ya Lord Lyon. Haiwi ya kila MacLeod. Na jina la ukoo mmoja si damu moja, kwani wapangaji wengi walichukua jina la chifu wa ardhi yao. La pili ni zile nasaba za mtandaoni ambazo watu hunakiliana. Zisome kama uvumi: hukuonyesha pa kutazama, basi.

Ukifika kwa walio hai, andika barua fupi. Eleza wewe ni nani, ambatanisha nakala ya barua ya 1884 na ya picha, taja majina ya wazazi wa Murdo na cheti ulichoyatoa, kisha uulize swali moja tu: je, kwao kuna barua zilizotoka kwa dada? Usitume mti mzima wa ukoo kwa mgeni, na walio hai usiwaweke mtandaoni bila ruhusa yao. Wengine hawatajibu, na hilo waachie.

Ukishapata cheti cha ndoa cha mama wa bibi yake mavyaa, niandikie jina la mama wa bibi harusi na wilaya ya usajili. Kwa hayo mawili naweza kukuambia kama tuko kwenye njia, au kama kasha lilifika kwa mavyaa kupitia mama mkwe wake.